Haki, Wongofu, Uadilifu: Neno Moja la Mtume Paulo katika Biblia Tatu za Kiswahili

Katika mafundisho ya Biblia yaliyofanyika Nkunga, wilayani Rungwe, tulikuwa tumefika sura ya tatu ya Waraka kwa Warumi. Nilikuwa nimekwisha kueleza, kwa utaratibu niliofundishwa chuoni, kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki bure, kwa neema. Ndipo mama mmoja mzee akainua mkono. "Baba Mchungaji," alisema, "kama nimehesabiwa haki, haki hiyo nitakwenda kuidai kwa nani?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, wala hakuwa na nia ya kufanya mzaha. Siku chache kabla ya hapo alikuwa mbele ya Baraza la Kata kwa shauri la mpaka wa shamba lake la migomba, na huko neno haki alilisikia mara nyingi kuliko alivyolisikia kanisani mwaka mzima. Nilimjibu kwa maneno ya katekisimu. Alinishukuru kwa adabu, na mimi nikajua kwamba sikumjibu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali lile kwa namna ambayo ningepaswa kulichunguza siku ile. Hayahusu mafundisho yenyewe ya kuhesabiwa haki, ambayo msomaji wa jarida hili anayajua. Yanahusu uchaguzi wa maneno, yaani jinsi wafasiri wetu walivyolishughulikia neno moja la Kiyunani lenye maana nyingi, na jinsi uchaguzi wao unavyosikika masikioni mwa Mkristo wa kawaida.

Neno lenyewe ni dikaiosune. Katika jamaa yake limo jina la mtu aliye hivyo, dikaios, na kitenzi dikaioo. Paulo hulitumia kwa mambo ambayo lugha nyingine huyatenganisha: hukumu ya hakimu, unyofu wa mtu, uaminifu wa Mungu kwa agano lake, na hali ya mtu aliyeachiliwa mbele ya kiti cha hukumu. Waingereza wana neno moja kwa haki ya mahakama na jingine kwa haki ya mtu mbele za Mungu, hata msomaji wao anaweza kusoma Biblia yake miaka mingi asijue kwamba kwa Paulo mambo hayo mawili ni neno moja. Wahispania wanalo "justicia" kwa yote mawili, lakini kitu ambacho mtu anastahili kupewa, kile anachoweza kukidai, wao hukiita "derecho". Kwa hiyo Mhispania asomaye Warumi anaweza kuchanganya hakimu na mtakatifu, lakini hawezi kwa urahisi kuchanganya wokovu na madai.

Kiswahili kimeyabeba yote matatu katika neno moja. Haki, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni usawa wa hukumu. Ni unyofu wa mwenendo. Na ni fungu la mtu, stahili yake, kile asichoweza kunyang'anywa pasipo kudhulumiwa. Maana hii ya tatu ndiyo iliyokua kuliko nyingine zote katika siku zetu. Mwaka 1984 Katiba ya Jamhuri ya Muungano iliongezewa sehemu yenye kichwa cha habari "Haki na Wajibu Muhimu", na tangu hapo neno hili halikupumzika. Haki za binadamu, haki za mtoto, haki za wanawake, haki ya kumiliki ardhi: hayo yote ni mambo mema, na kanisa letu limeyasemea. Lakini kila semina inayofanyika katani inazidi kulifunga neno haki kwenye kitenzi kudai. Mama yule alikuwa mwanafunzi mzuri wa semina hizo.

Iko na maana ya nne, ambayo wasomi huipuuza kwa sababu si ya vitabuni. "Haki ya Mungu!" husema kijana katika basi la Tukuyu akitaka aaminiwe kwamba nauli amekwisha kulipa. Ni kiapo. Nairobi wamekwenda mbele zaidi: huko "haki" peke yake ni neno la kusihi. Sasa msomaji akumbuke kwamba maneno hayo mawili, haki ya Mungu, ndiyo yale yale yaliyomtesa Martin Luther. Katika dibaji ya maandiko yake ya Kilatini, aliyoiandika mwaka 1545, anasimulia jinsi alivyolichukia neno hilo la Warumi 1:17 kwa kuwa alifundishwa kulielewa kama haki ambayo kwayo Mungu huwaadhibu wasio haki, na jinsi lilivyomfungulia mlango alipotambua kwamba ni haki ambayo Mungu humpa mtu naye huipokea kwa imani. Matengenezo ya Kanisa yalisimama juu ya kiunganishi kile kidogo, "ya": je, ni haki aliyo nayo Mungu, au haki itokayo kwa Mungu? Kwetu sisi kiunganishi hicho kimeunda kiapo cha basini. Hili si kosa la mfasiri yeyote. Hata hivyo mhubiri asiyelijua ataisoma aya ile kwa sauti ya juu, asijue kwa nini vijana wa nyuma wanatazamana.

Tuanze na Biblia ambayo wengi wetu tunaisoma ibadani, ile ya Union Version iliyotoka kamili mwaka 1952. Wafasiri wake walikuwa na kazi ya kupatanisha tafsiri za Mombasa na Unguja, nao walibaki na haki kwa dikaiosune karibu kila mahali. Jambo lililo bora katika kazi yao si jina hilo. Ni kitenzi. Kiyunani kina kitenzi kimoja, dikaioo. Kiswahili hakina kitenzi kama hicho kitokacho katika haki, hatusemi "kuhakisha". Kwa hiyo ilibidi watafute kitenzi kingine cha kulishika lile jina mkono, wakachagua kuhesabiwa. Wamekitoa wapi? Wamekitoa katika sura ya nne, mahali Paulo anapolitaja andiko la Mwanzo 15:6 juu ya imani ya Abrahamu, ambapo Kiyunani chatumia neno jingine kabisa, logizomai, neno la watu wa hesabu. Maana yake, wafasiri wa mwaka 1952 waliisoma sura ya tatu kwa miwani ya sura ya nne. Waliamua kwamba tendo la Mungu la kumwachilia mwenye dhambi lifahamike kwa mfano wa Abrahamu. Huo ni uamuzi wa kitheolojia, tena ni uamuzi ambao Mlutheri hana budi kuusifu, hata kama kamati iliyoufanya haikuwa ya Walutheri.

Nao una nguvu kwa mkulima wa Rungwe kuliko tunavyodhani. Mkulima wa chai anajua kuhesabiwa ni nini. Hupeleka majani mabichi, hupimiwa kwa mzani, huandikiwa kilo zake, na mwisho wa mwezi hulipwa kwa kadiri ya kilichoandikwa. Kuhesabiwa ni kuandikiwa ulichokileta. Paulo anaposema juu ya mtu asiyefanya kazi ila anamwamini yeye amhesabiaye haki asiye mcha Mungu, anazungumza juu ya mtu aliyekuja na kikapu kitupu, karani akamwandikia kilo kamili. Hapo wakulima wote hushtuka, na wana haki ya kushtuka. (Msomaji aone jinsi kalamu yangu nayo imenitelezea: nimeandika "wana haki" kwa maana ya tatu, wala sikuweza kupata neno jingine lililo jepesi.) Mshtuko huo ni sehemu ya Injili. Tafsiri inayouhifadhi imefanya kazi kubwa.

Basi kasoro ya Union Version iko wapi? Iko katika kuliacha jina uchi. "Kuhesabiwa haki" kwa sarufi ni kama "kuandikiwa mshahara": haki hukaa mahali pa kitu, na kitu huwa na mwenyewe, na mwenyewe hudai. Swali la mama wa Nkunga halikutokana na ujinga wake. Lilitokana na muundo wa sentensi.

Kabla ya Union Version kulikuwa na mtu aliyejaribu kuikimbia shida hii kwa njia nyingine. Karl Roehl, mmisionari Mlutheri aliyefanya kazi Usambara chini ya Misioni ya Betheli, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937 huko Stuttgart. Nia yake inajulikana: aliona Kiswahili cha Biblia zilizotangulia kimejaa Kiarabu mno, hata Mkristo wa bara hakielewi, akataka maneno ya Kibantu yarudi mahali pake. Mengi katika jitihada hiyo yalikuwa ya ukaidi, na Kiswahili chenyewe kimemshinda, kwa maana maneno aliyoyafukuza yamebaki nasi na mengi aliyoyaweka yamesahaulika. Lakini mahali pa haki alichagua wongofu, na mahali hapo nadhani alisikia jambo ambalo wengine hawakulisikia.

Kuongoka ni kunyoka, kuwa sawa, kushika njia iliyo sawa. Mwongofu wa Roehl ni mtu aliyenyoka. Mnyakyusa alielewa mara moja, kwa sababu lugha yake inafanya vivyo hivyo. Ubugolofu, neno litumikalo kwa haki katika Maandiko ya Kinyakyusa, hutokana na -golofu, iliyonyoka, kama nguzo iliyonyoka au njia isiyopinda. Nkunga watu husikiliza Biblia kwa lugha mbili. Kanisani huenda ikasomwa haki, na nyumbani bibi akasali akitaja ubugolofu, na mtoto akakua akidhani ni mambo mawili. Roehl, bila kukusudia Rungwe, alikuwa ameweka neno la Kiswahili ambalo lingeyaunganisha. Hakuna mtu anayeweza kuudai ubugolofu kwa Baraza la Kata. Katika neno hilo hamna madai kabisa.

Pamoja na hayo, siwezi kupendekeza turudi kwa Roehl, kwa sababu tatu zisizolingana uzito. Ya kwanza ni kwamba neno limehama. Tangu uamsho uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 ulipoenea katika makanisa yetu, kuongoka kumekuwa ni kugeuka, kuacha maisha ya zamani na kumpokea Kristo. Mwongofu wa leo ni mtu aliyetubu juzi. Akisoma Roehl, atadhani Paulo anazungumza juu ya toba yake, na atakuwa amelirudisha tendo la Mungu mikononi mwake mwenyewe. Ya pili ni ya kuchekesha kidogo. Roehl alikimbia Uarabu, lakini neno alilolikimbilia ndilo wafasiri Waislamu walilolipenda: katika tafsiri ya Kurani ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, uwongofu ni uongozi ambao Kitabu huwapa wamchao Mungu. Lugha haimilikiwi na dini yoyote, na ni vizuri tulikumbuke hilo kabla ya kulitakasa neno lolote.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, nayo yahusu ubugolofu pia. Kunyoka ni hali iliyo ndani ya kitu chenyewe. Nguzo imenyoka au imepinda. Hakuna mtu awezaye kuihesabu imenyoka ilhali imepinda, na paa likasimama. Ukiuchukua mfano wa unyofu peke yake, utafika mahali pa kusema kwamba Mungu hutunyosha kwanza, kisha hutukubali. Hayo yanafanana sana na yale ambayo Luther alifundishwa akiwa mtawa. Roehl, Mlutheri, akitafuta neno safi la Kibantu, alikuwa karibu kuiacha kwa bahati mbaya nguzo ya kanisa lake mwenyewe. Kilichomponya ni neno alilolitumia kwa kuamini: kumtegemea. Pale anapouweka wongofu karibu na kumtegemea Mungu, nguzo iliyopinda inaonekana imeegemea mahali, na mfano unapona. Kumtegemea ni tafsiri bora ya imani kuliko kuamini, na ni hasara kwetu kwamba ilizikwa pamoja na mengine.

Biblia ya tatu ni Habari Njema, iliyotoka kamili katikati ya miaka ya 1990. Wafasiri wake walikuwa na shabaha ya kueleweka na mtu wa kawaida, wakaacha haki mahali pengi katika Warumi na kuchukua mwadilifu na uadilifu. Tena walithubutu kulifumua lile fumbo la Warumi 1:17: badala ya haki ya Mungu wanaeleza jinsi Mungu anavyowakubali watu. Kiapo cha basini kimetoweka, na swali la Luther limejibiwa kabla halijaulizwa. Wako watakaosema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kujibu maswali. Mimi si mmoja wao. Luther mwenyewe aliongeza neno "tu" katika Warumi 3:28, akajitetea mwaka 1530 katika barua yake juu ya kutafsiri, akisema kwamba mfasiri awasikilize mama nyumbani, watoto barabarani na mtu wa kawaida sokoni.

Lakini tukiyasikiliza hayo masoko, uadilifu ni nini? Ni tabia njema. Ni mweka hazina asiyekula michango. Mwaka huo huo wa 1995 Bunge lilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na maadili na uadilifu ni ndugu wa tumbo moja. Mwadilifu ni mtu ambaye matendo yake yamekaguliwa yakaonekana safi. Kwa hiyo Habari Njema imeweka jina linalonuka matendo mahali hasa ambapo Paulo anayafukuza matendo. Tena imelitegemeza kwa kitenzi kizuri sana, kukubaliwa, ambacho kila mtu aliyewahi kukataliwa anakielewa bila kuelezwa. Kitenzi kinafungua, jina linafunga. Vijana niliowasikia wakiisoma walishika jina. Walisema: basi tukiwa waadilifu, Mungu atatukubali.

Msomaji atakuwa ameona ninakoelekea. Katika tafsiri zote tatu nguvu nyingi zilitumika kutafuta jina, na katika zote tatu jina limeshindwa kwa namna yake. Kinachofanya kazi ni neno linaloandamana nalo: kuhesabiwa, kumtegemea, kukubaliwa. Tunapofundisha wanafunzi wetu, tunawauliza haki ni nini. Tungewauliza kwanza anayehesabu ni nani.

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa miaka mingi, amepinga hoja hii. Yeye husema neno lolote hufaa, mradi kanisa lilifundishe kwa muda wa kutosha, na mfano wake ni Kyala. Wamoravian na wamisionari wa Berlin walipofika nchi hii mwaka 1891 walilichukua jina hilo kwa Mungu, ingawa, kama Monica Wilson alivyoonyesha katika utafiti alioufanya Rungwe pamoja na mumewe kati ya 1934 na 1938, Kyala wa wazee alikuwa shujaa wa kale aliyetolewa sadaka mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, wala hakuwa Muumba wa mbingu na nchi. Leo ni nani amwitaye Kyala akiwaza pango la Matema? Mahubiri yamelishinda neno.

Hoja hiyo ni kweli kwa Kyala. Sidhani kama ni kweli kwa haki. Kyala alikuwa na kisa kimoja cha zamani, na wasimulizi wake walikuwa wanapungua kila mwaka; kanisa lilibaki peke yake na neno. Haki haijabaki peke yake na mtu. Redio, mahakama, vyama vya siasa na mabaraza yote yanaifundisha kila siku, na saa moja ya Jumapili haiwezi kushindana nayo.

Wala singependa kanisa lishinde mashindano hayo. Amosi 5:24 inahitaji maana ya tatu. Nabii anapotaka haki itiririke kama maji, anataka maskini wa langoni wapate kile wanachostahili kukidai, na mhubiri akiifanya haki hiyo kuwa jambo la moyoni tu, amemdhulumu maskini kwa mara ya pili. Mama wa Nkunga alikuwa na shauri la kweli juu ya migomba ya kweli. Neno linalomtetea barazani ndilo linalomkwaza katika Warumi, na ukilikata mara mbili, kama Waingereza, utapoteza jambo ambalo Waebrania walilijua.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Tubaki na haki, tubaki na kuhesabiwa, tuongeze mtu. Tuseme "kuhesabiwa kuwa mwenye haki". Union Version yenyewe humwita dikaios "mwenye haki", hata katika ile aya ya Habakuki ambayo Paulo anaitumia Warumi 1:17. Kinachotakiwa ni kuwa thabiti. Barazani, mwisho wa shauri, watu huuliza, "Mwenye haki ni nani?" Hawaulizi anamiliki nini. Wanauliza baraza limesimama upande wa nani. Hapo ndipo Paulo alipo. Najua kwamba mwenye haki aweza pia kusikika kama mwenye shamba, mwenye mali. Tofauti ni kwamba sasa Mungu hatoi kitu, anamtaja mtu.

Nilirudi Nkunga baadaye nikamweleza mama yule hivyo. Nilimwambia: ni kama Baraza limekaa, likamkuta aliyesogeza mpaka, ushahidi ukaonekana wazi, kisha mwenyekiti akasimama akasema, huyu ndiye mwenye haki. Alinitazama kwa muda. "Baba Mchungaji," alisema, "Baraza hilo limekula rushwa." Nilimwambia kwamba Agano la Kale linakubaliana naye: Kutoka 23:7 na Mithali 17:15 zinamlaani hakimu afanyaye hivyo, na Paulo alizijua aya zote mbili alipoandika. Alifikiri tena, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: na yule jirani aliyepoteza ardhi, nani amemlipa? Swali hilo liko katika Warumi 3:25, na neno lililopo pale, ambalo Union Version huliita upatanisho, lina maana nyingi kuliko haki.